Vikundi vya mazoezi kwa wazee Dar: kipi kinafaa, na nini cha kukagua kabla ya kulipa ada

Mzee anayetaka kufanya mazoezi na wenzake Dar es Salaam ana milango minne ya kubisha. Kuna klabu ya joging, kuna darasa la jimu, kuna wanaokutana ufukweni, na kuna kikundi cha mtaa kinachojipanga kwenye uwanja wa shule, ukumbi wa kanisa au nje ya ofisi ya serikali ya mtaa. Tunaposema mzee tunamaanisha mtu wa miaka 60 na kuendelea, kama Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inavyosema.

Huduma zote nne tumezipima kwa swali moja: mzee aliyeanza leo, baada ya miezi sita bado atakuwa anakuja? Wiki ya kwanza kila kikundi kinapendeza. Spika inalia, fulana ni mpya, watu wanacheka. Kuanzia mwezi wa tatu ndipo magoti yanapoanza kulalamika, mvua zinaingia, misiba inatokea, na mwalimu anaanza kuchelewa. Kwa kipimo hicho kikundi cha mtaa ndicho tunachokipa nafasi ya kwanza, ila kwa sharti moja kubwa: kifanye mazoezi ya nguvu na ya mizani ya mwili, yaani uwezo wa kusimama na kutembea bila kuyumba, maana vingi vinaishia kwenye kutembea na kucheza muziki.

Sharti hilo si la kujipendekeza kwa wataalamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wa miaka 65 na zaidi wafanye dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya kujenga misuli siku 2 au zaidi, na mazoezi ya aina mchanganyiko yanayotilia mkazo mizani na nguvu siku 3 au zaidi. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika hapa mjini, na ndilo linalomzuia mzee asianguke. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2019 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee wanaoishi majumbani kwa asilimia 23. Programu zilizochanganya aina kadhaa, hasa mizani pamoja na nguvu, zilifika asilimia 34. Kutembea peke yake hakukupata ushahidi wa kutosha kwamba kunapunguza kuanguka. Kutembea ni kuzuri kwa moyo, presha na sukari, na mzee asiache. Lakini aliyejiunga na kikundi cha kutembea akidhani nyonga yake sasa iko salama, hajapewa huduma kamili.

Klabu ya joging

Sifa yake kubwa ni uchangamfu. Nyimbo za mchakamchaka wazee wengi wanazijua tangu shuleni au JKT, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi, ambayo serikali iliitangaza kuwa siku ya mazoezi, klabu hutoka kwa wingi. Mzee akipita pale na raba zake hahitaji kuzungumza sana ili apokelewe. Anapokewa kwa shikamoo za watu hamsini.

Tatizo ni mwendo. Anayeongoza wimbo ndiye anayepanga kasi, naye mara nyingi ni kijana. Mzee anajikaza dakika ishirini za kwanza, anabaki nyuma, anajikuta peke yake barabarani kati ya bodaboda na daladala, kisha Jumamosi inayofuata anatafuta udhuru. Kwa hiyo swali la kumuuliza kiongozi wa klabu ni hili: lipo kundi la kutembea lenye kiongozi wake? Klabu zinazojali huwatanguliza watembeaji robo saa kabla, au huwageuzia nusu ya njia, ili wote wafike mwisho pamoja na kunyoosha viungo pamoja. Klabu isiyo na utaratibu huo haimfai mtu wa miaka 65, hata kama fulana ni ya bure.

Kasi inayotakiwa haihitaji saa ya kisasa. Mzee aweze kusema sentensi nzima akiwa anatembea, lakini asiweze kuimba. Akiweza kuimba mpaka beti, aongeze mwendo. Akikata maneno katikati, apunguze. Kipimo hiki ni bora kuliko kuhesabu mapigo ya moyo, kwa sababu wazee wengi wenye presha wanatumia dawa kama atenolol, bisoprolol au carvedilol, ambazo huyazuia mapigo yasipande hata mtu akiwa amechoka sana.

Jambo jingine ni giza. Mwezi wa sita na wa saba jua la Dar linachomoza saa 12 na nusu na ushee, na klabu nyingi huanza kabla ya hapo. Kwa mwenye mtoto wa jicho, mtaro usio na mfuniko na tuta lisilopakwa rangi ni hatari kuliko kilomita zenyewe. Miezi hiyo ni ya baridi kwa hali ya Dar, hivyo hakuna haja ya kuwahi. Kuanza saa 1 kunatosha. Kuanzia Desemba hadi Machi ndipo kuwahi kuna maana, kwa sababu ikifika saa 2 na nusu joto na unyevu vimeshapanda, jasho halikauki na mwili haupoi.

Darasa la jimu

Jimu ina sakafu sawa, kivuli, vyoo, na vyuma vya uzito unaojulikana. Kwa kujenga misuli ya mapaja hakuna mlango mwingine wenye vifaa vizuri hivyo. Kasoro iko kwenye lile darasa la aerobiki la jioni. Muziki ni wa kasi, kuna kurukaruka na kugeuka ghafla, na mwalimu yuko mbele akitazama kioo. Aliyepasuliwa goti au mwenye nyonga iliyolika atabaki anasimama pembeni akinywa maji.

Mwalimu anayefaa utamtambua ndani ya dakika kumi. Kila zoezi analionyesha kwa namna mbili, ya kuruka na ya kutoruka. Anazunguka nyuma ya watu. Kabla ya kuanza ameuliza nani ana presha, nani ana sukari, nani ameanguka mwaka huu. Hamwambii mzee azungushe shingo duara zima, jambo linaloleta kizunguzungu kwa watu wengi wa umri huo. Wala hawalazimishi watu kuinama kugusa vidole vya miguu magoti yakiwa yamenyooka, kwani mifupa ya mgongo iliyopungua uimara inaweza kuvunjika kwa kuinama kwa namna hiyo.

Muda mzuri kwa wazee ni kati ya saa 4 na saa 6 mchana, jimu nyingi zikiwa karibu tupu. Wazee sita au saba wakienda pamoja kuomba darasa lao saa hiyo, mwenye jimu ana sababu nzuri ya kukubali, na hata bei inazungumzika. Kabla ya kulipa, panda ngazi zenyewe. Jimu ya ghorofa ya pili isiyo na mkono wa kushikia itamshinda mteja siku ambayo goti limevimba. Angalia pia vigae vya mlangoni vikiwa na maji. Na usilipe miezi sita kwa mpigo. Mwombe mwenye jimu akuuzie mahudhurio, kwa mfano tiketi ya mara kumi isiyoisha haraka, kwa sababu mzee ataondoka kwenda kijijini, atauguza, atalea mjukuu, na ada ya mwezi inayoyeyuka bila yeye kuja humkatisha tamaa kuliko zoezi gumu.

Ufukweni na darajani

Coco Beach ni ya bure na upepo wake unatibu uvivu. Ila mchanga una masharti. Maji yakiwa yamepwa, mchanga wa karibu na maji ni mgumu na sawa, na hapo ndipo pa kutembelea. Maji yakijaa mnabaki na ukanda wa juu, ambao ni laini na umelala upande. Mguu mmoja unakuwa juu, mwingine chini, na baada ya nusu saa nyonga na goti la upande mmoja vinauma. Kikundi makini hupanga siku zake kwa kufuata jedwali la maji kupwa na kujaa. Mwenye sukari aliyeanza kupata ganzi miguuni asitembee peku kabisa, kwani chupa iliyovunjika au mwiba wa samaki anaweza kuugundua jioni, kidonda kimeshaanza.

Daraja la Tanzanite lina njia ya waenda kwa miguu na urefu wa kilomita 1 na kidogo, hivyo kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 2 bila kuvuka barabara. Kwa mzee anayetaka kujipima mwezi hadi mwezi ni mahali pazuri sana, kwa kuwa umbali haubadiliki. Kivuli hakuna, kwa hiyo kofia na maji nusu lita ni lazima. Vilima vya Chuo Kikuu, Mlimani, tunawaachia waliokwisha zoea. Kupanda kunachosha pumzi tu, lakini kushuka kunayapa magoti kazi kubwa.

Bwawa la kuogelea lingekuwa jibu bora kwa wenye magoti mabovu, maji yakifika kifuani uzito mwingi wa mwili unabebwa. Ila madarasa ya wazee ni machache na gharama iko juu. Ukipata lenye ngazi za kawaida na mkono wa kushikia, badala ya ile ngazi ya chuma iliyosimama wima, lichukue.

Kikundi cha mtaa

Hapa ndipo tunapotaka msomaji atulie. Kikundi cha watu kumi hadi kumi na watano wa rika moja, wanaofika kwa miguu, kinaweza kumpa mzee kila kitu ambacho mwongozo unataka, kwa vifaa vya bei ndogo.

Suala la rika lina ushahidi. Katika utafiti uliofanyika eneo la Vancouver, Kanada, na matokeo yake ya mahudhurio kutolewa mwaka 2018, wazee 627 waligawanywa katika madarasa ya wiki 24. Waliowekwa na wazee wenzao walihudhuria kwa wastani zaidi ya mara 30, iwe wanaume na wanawake pamoja au kila jinsia peke yake. Waliowekwa kwenye madarasa ya kawaida ya watu wa umri wote walihudhuria takriban mara 24. Mtu anapoona mwenzake wa miaka 70 ameinuka kitini mara kumi, anajua na yeye anaweza. Kijana wa miaka 25 akiruka mbele yake hamfundishi lolote kuhusu mwili wake mwenyewe. Kuhusu wanaume na wanawake kuchanganyika, tofauti haikuwa kubwa, hivyo amueni kwa desturi za mtaa wenu. Kuna mitaa ambayo akina mama hawatainua mguu mbele ya wanaume, na kulazimisha hapo ni kupoteza nusu ya wanachama.

Saa moja nzuri inakwenda hivi. Dakika tano za kwanza ni salamu, kuandika mahudhurio na kupima presha kwa wanaohitaji. Kisha dakika kumi za kupasha mwili: kutembea kwa kuzunguka uwanja, kuinua magoti taratibu, kuzungusha mabega. Halafu dakika ishirini za nguvu, dakika kumi na tano za mizani, na kumi za mwisho za kupoza mwili na kunyoosha viungo. Kikundi kinachotumia dakika arobaini kwenye muziki na tano kwenye nguvu kimegeuza dawa kuwa kiburudisho. Wazee wafurahi, ndiyo, lakini muziki ukae ndani ya mazoezi.

Zoezi mama ni kuinuka kitini. Kiti kiwe na urefu wa sentimita 43 hadi 45, na mgongo wake uegemezwe ukutani. Viti vya plastiki tulivyozoea kwenye sherehe ndivyo vinavyopatikana, lakini angalia miguu yake: iliyopinda kwa nje au yenye ufa inateleza kwenye vigae na inavunjika mtu anapojitupa. Mzee asogee mbele mpaka nusu ya paja iwe nje ya kiti, arudishe nyayo nyuma kidogo ya magoti, ainamishe kifua mbele mpaka pua iwe juu ya vidole vya miguu, ndipo asukume sakafu na kusimama. Wengi hushindwa kwa sababu wanataka kunyanyuka wima kama lifti bila kuinamisha kifua kwanza. Pumzi itoke wakati wa kusimama. Anayebana pumzi anaipandisha presha yake papo hapo. Kukaa chini kuwe kwa hesabu ya tatu, bila kujiangusha, kwani kule kushuka taratibu ndiko kunakofanya kazi kubwa ya misuli. Mara kumi, pumzika dakika moja, mara kumi tena. Asiyeweza bila mikono aongezewe mto juu ya kiti, mto upunguzwe unene wiki hadi wiki.

Mengine ni kunyanyua visigino na vidole ukishika mgongo wa kiti, kupeleka mguu pembeni, kurudisha mguu nyuma, kunyoosha goti ukiwa umekaa, na kusukuma ukuta kwa mikono. Uzito hauhitaji duka. Chupa ya nusu lita iliyojazwa mchanga mkavu ina uzito wa takriban gramu 800, na ya lita moja na nusu iliyojaa maji ni kilo moja na nusu. Kwa miguu, mfuko wa kitambaa wenye kilo moja ya mchanga, ulioshonwa vizuri na kufungwa juu ya kifundo kwa utepe mpana, unatosha kuanzia. Mzee akiweza seti mbili za kumi bila kuyumba na bila kubana pumzi, muongezee. Hapo ndipo vikundi vingi vinapokwama. Mwaka mzima watu wananyanyua chupa ileile ya maji ya nusu lita, na mwili uliishaizoea tangu mwezi wa pili. Mikanda ya mpira ya Kariakoo ni mizuri, ila ivute mbele ya macho kabla ya kununua na uangalie nyufa ndogo. Jua na jasho vinaila, na ikikatika inapiga usoni.

Mizani inafundishwa kwa ngazi nne, kila moja sekunde kumi: nyayo zimebanana, mguu mmoja umetangulia nusu, kisigino cha mmoja kimegusa vidole vya mwingine, kisha kusimama kwa mguu mmoja. Kila mtu asimame nyuma ya kiti au kwenye kona ya ukuta, mikono ikiwa tayari kushika. Zoezi liwe gumu kiasi cha kumfanya mtu ayumbe kidogo. Asipoyumba kabisa hajifunzi, na akishika kiti kwa mikono miwili muda wote, kiti ndicho kinachofanya zoezi. Kushika kupungue hivi: mikono miwili, mmoja, kidole kimoja, hakuna. Wakishazoea waongezwe kutembea kwa kisigino-kidole kwenye mstari, kutembea kinyumenyume, kugeuka, na kutembea wakihesabu kwa kurudi nyuma kutoka hamsini. Programu ya Otago ya New Zealand, inayojulikana sana katika kazi ya kuwazuia wazee wasianguke, imejengwa kwa mazoezi ya namna hii mara tatu kwa wiki pamoja na kutembea.

Kuna somo moja ambalo karibu hakuna kikundi kinalifundisha, nalo ni namna ya kuinuka kutoka chini. Mzee aliyeanguka chumbani peke yake anaweza kukaa sakafuni saa nyingi ingawa hakuvunjika. Afundishwe hivi, juu ya mkeka na kwa utulivu: geuka ubavu, jisukume kwa mkono mpaka ukae upande, piga magoti na mikono, tambaa mpaka kwenye kiti kizito, weka mikono miwili juu ya kiti, leta mbele mguu wenye nguvu na uukanyagishe wayo wote, sukuma, kisha geuka ukae. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Raba ni sehemu ya vifaa. Raba za mitumba zinaweza kuwa nzuri sana, lakini gundi yake huwa imezeeka. Kunja kiatu katikati na ubonyeze soli kwa dole gumba. Ikitoa vumbi, ikilia au ikiachia pembeni, itafunguka katikati ya zoezi. Kandambili zisiingie uwanjani, na akina mama wafunge kanga juu ya magoti au wavae suruali ndani ya dera, kwani pindo likikanyagwa wakati wa kutembea kinyumenyume mtu anakwenda chini moja kwa moja.

Vipimo na tahadhari

Kikundi kizuri kinapima siku ya kwanza na kila baada ya miezi mitatu. Kipimo rahisi ni kuhesabu mzee anainuka kitini mara ngapi kwa sekunde 30, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Kwa miaka 65 hadi 69, mwanamke aliye chini ya mara 11 na mwanaume aliye chini ya 12 yuko chini ya wastani. Kwa miaka 70 hadi 74 ni 10 na 12. Kwa 75 hadi 79 ni 10 na 11. Asiyeweza kusimama kisigino-kidole kwa sekunde 10 yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuanguka, apewe nafasi ya karibu na ukuta na msaidizi. Namba hizi ziandikwe kwenye daftari la kila mtu. Mzee aliyetoka mara 7 hadi 11 hahitaji kuhamasishwa na mtu.

Presha ikiwa juu ya 180 kwa 110 baada ya kupumzika dakika tano, siku hiyo asifanye, na aonwe na mtoa huduma ya afya. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide, sukari ikiwa chini ya 5.0 mmol/L kabla ya kuanza, ale kitu cha wanga kwanza, ndizi moja au kikombe cha uji kinatosha. Wanaotumia vidonge vya kukojoa wasiruke maji kwa kuogopa choo. Ndiyo maana choo kilicho karibu na safi kiko kwenye orodha yetu ya mambo ya kukagua, na wazee wengi huacha kikundi kwa sababu hiyo bila kuisema. Maumivu ya kifua, pumzi kukata isivyo kawaida, au udhaifu wa ghafla upande mmoja wa mwili ni hospitali moja kwa moja, hata kama mwenyewe anasema atapumzika tu.

Kuhusu magoti, ugumu wa misuli siku mbili za kwanza ni wa kawaida. Maumivu ya kiungo yasizidi tano kwa kumi wakati wa zoezi, na yawe yametulia ndani ya saa 24. Yakizidi, punguza mikunjo au uzito na uendelee kuja. Kuacha kabisa kunazidisha ugumu.

Kinachowafanya wabaki

Umbali kwanza. Kikundi cha kutembea dakika kumi kinashinda kikundi bora kilichopo mbali kwa daladala mbili. Pili ni mtu wa kupiga simu. Grupu la WhatsApp halitoshi, ujumbe unapotea kati ya salamu za asubuhi na video. Mmoja apewe kazi ya kumpigia kila asiyekuja mara mbili mfululizo, siku hiyohiyo, na amuulize hali yake kabla ya kumuuliza mazoezi. Tatu ni siku zisizobadilika, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa ileile, kiongozi wa pili akiwepo wa kushika darasa mwalimu asipofika. Vikundi vingi hufa kwa sababu vilimtegemea mwalimu mmoja.

Siku ambazo hakuna kikundi, mazoezi mawili yafungwe kwenye jambo ambalo mzee analifanya kila siku. Kuinuka kitini mara kumi kabla ya chai, kusimama kwa mguu mmoja ukishika ukuta baada ya sala ya alfajiri au ukisubiri maji yachemke. Akisema "nitafanya nikipata nafasi", nafasi hiyo haitakuja.

Kuunganisha kikundi na kikoba kunasaidia mahudhurio, tumeshaliona jambo hilo kuwa na nguvu. Lakini hesabu za pesa na mahudhurio ya mazoezi ziwe mbali, na marejesho yafanyike siku nyingine. Aliyechelewesha rejesho hukwepa macho ya wenzake, na akikwepa anakosa na mazoezi pia. Ada iwe ndogo na itajwe kazi yake wazi: posho ya mwalimu, betri za mashine ya presha, viti vinavyovunjika.

Masika ipangiwe mapema. Kuanzia Machi hadi Mei tafuteni ukumbi au baraza pana, na kwa siku ambazo barabara haipitiki kila mtu awe na karatasi ya mazoezi matano ya nyumbani yenye maandishi makubwa. Mwezi wa Ramadhani sogezeni muda uwe karibu na futari au baada ya tarawehe, punguzeni mwendo, bakizeni nguvu na mizani, na anayetumia insulini aongee na daktari wake kabla ya kufunga. Msiba ukitokea, kikundi kiende pamoja, na siku ya kurudi itajwe palepale.

Anayerudi baada ya wiki mbili au zaidi, awe ametoka kuugua au safarini, aanze na nusu ya uzito na seti moja badala ya mbili, kwa wiki moja. Wiki ya pili aongeze seti, wiki ya tatu arudi kwenye uzito wake. Akirudishwa moja kwa moja alipoishia, mwili utamuuma siku tatu na hatarudi tena, na mwalimu atadhani amechoka na kikundi.